Shotigani Iliyostaafu Polisi: Kisa cha Ganda Lililogoma Kutoka

Jirani yangu ni Mkongomani mwenye kadi ya kijani, na anafuga mbuzi thelathini na kitu kwenye shamba dogo lililo mashariki mwa jiji la Columbus, Ohio. Asubuhi moja ya Novemba alinijia na begi refu lenye bunduki, akanieleza kwamba alikuwa ameinunua wiki tatu kabla ya hapo dukani kwa dola 340 ikiwa imetoka mikononi mwa polisi, kwamba tangu siku hiyo alikuwa ameifunga vifaa vipya vilivyomgharimu zaidi ya dola 400, na kwamba kila alipokwenda nayo kwenye kiwanja cha shabaha ilikataa kutoa maganda ya risasi alizokwisha kufyatua. "Kaka," aliniambia akiiweka mezani, "wameniuzia makapi ya polisi. Nibadilishe mtutu, au niirudishe dukani?" Ninaandika kisa hiki kwa sababu majibu yote mawili yangekuwa makosa, na kwa sababu Waswahili wengi tunaoishi Marekani tunaziona bunduki hizi zikiuzwa kwa bei nafuu bila kujua ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Bunduki yenyewe ilikuwa Remington 870 Police Magnum ya geji 12, yaani shotigani ya pampu, ambayo mpigaji huvuta kishikio cha mbele, kiitwacho mkono wa pampu, kwenda nyuma ili kutoa ganda na kukisukuma mbele ili kuingiza risasi nyingine. Modeli ya 870 ilianza kuuzwa mwaka 1950 na imetengenezwa kwa mamilioni, na kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo bunduki iliyofungwa ndani ya magari ya doria karibu katika kila mji wa Marekani. Kilichoiondoa humo ni bunduki ndefu za mfumo wa AR-15. Tarehe 28 Februari 1997 wezi wawili wa benki huko North Hollywood, Los Angeles, wakiwa wamevaa mavazi ya kuzuia risasi, walipambana na askari ambao bastola na shotigani zao hazikufua dafu, na baada ya hapo idara nyingi ziliharakisha kuwapa askari wa doria bunduki za kivita nyepesi. Shotigani zilibaki stoo, nyingine zikafungwa vitako vya rangi ya chungwa ili zitumike kwa risasi za vifuko visivyokusudiwa kuua, na nyingi zikarudishwa kwa wauzaji wa jumla kama sehemu ya malipo ya silaha mpya. Msomaji wa nyumbani huenda akashangaa, maana sisi tumezoea kuona silaha zikiteketezwa, kama Kenya ilivyochoma maelfu hadharani Ngong mwaka 2016. Huku, bunduki ya serikali huwa na thamani ya kubadilishana, na raia anaipata dukani ikiwa na kipande cha utepe kilichoandikwa namba ya gari.

Nilimwomba kwanza anieleze aliikaguaje siku ya kununua. Alikiri kwamba alitazama sura tu, na sura ilimtisha: rangi ilikuwa imechubuka pande zote mbili za mwili wa bunduki, mkono wa pampu ulikuwa na makovu, na jina la idara lilikuwa limekwaruzwa kwa chombo cha umeme. Muuzaji alimpunguzia dola 20 kwa sababu hiyo, naye akadhani ameponea chupuchupu. Ukweli ni kwamba makovu hayo ndiyo ushahidi mzuri zaidi aliokuwa nao. Shotigani ya polisi hukaa miaka kumi au ishirini ikibanwa na kifungio cha chuma ndani ya gari, ikitikiswa na barabara na kuguswa na mikono ya zamu tatu, lakini hufyatuliwa siku chache kwa mwaka wakati wa mazoezi; kwa hiyo huzeeka nje kabla ya kuzeeka ndani, kinyume kabisa na bunduki ya mwindaji wa bata, ambayo inaweza kung'aa kama kioo huku bolti yake, yaani kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ikiwa imelika.

Jambo alilopaswa kulitazama ni maandishi. Ubavuni mwa hii yaliandikwa wazi kwamba ni Police Magnum, na maandishi hayo yana maana, kwa sababu 870 za bei ya chini, hasa zile zinazoitwa Express, zinafanana nayo kwa mbali lakini si ndugu wa tumbo moja. Ya polisi ina ndoano ya kuchomolea ganda iliyochongwa kutoka chuma kigumu badala ya ile iliyofinyangwa kwa unga wa chuma, nyumba ya kifyatulio ni ya alumini badala ya plastiki, na springi mbili za ndani, ya kifyatulio na ya kinyanyuzi cha risasi, ni ngumu zaidi ili bunduki isifyatuke kwa bahati mbaya na risasi inyanyuke kwa hakika. Anayeifanyia ukarabati asikubali kuwekewa springi za kawaida kwa kisingizio kwamba "zote ni za 870".

Ndani ya mwili wa bunduki, upande wa kushoto, kuna kipande kirefu cha kurushia ganda nje kilichopigiliwa kwa ribiti. Kikilegea au springi yake ikivunjika, matengenezo yake si ya nyumbani. Pembeni mwa mdomo wa magazini, yaani bomba la kuwekea risasi chini ya mtutu, kuna vizuizi viwili vya risasi vilivyobanwa kwa kugongewa chuma, navyo vikilegea risasi hutoka mbili mbili au hudondokea chini. Chini kuna kinyanyuzi, na mtu akikiona kina mkato wenye umbo la U atajua ni cha muundo wa baada ya katikati ya miaka ya 1980, ambao unamruhusu mpigaji kuikwamua bunduki pale risasi inapoteleza chini ya bolti. Cha jirani yangu kilikuwa na mkato huo, ribiti zilikuwa imara, na vizuizi havikutikisika. Nilihakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba magazini na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, ni tupu, nikaielekeza kwenye rundo la mchanga, nikaingiza risasi za mazoezi zisizo na baruti na kuzipitisha moja moja. Hapo ndipo nilipohisi tatizo la kwanza, maana pampu ilikwenda kwa kukwaruza, kama droo ya kabati iliyovimba kwa mvua.

Kabla ya kulifuata tatizo hilo, niseme kidogo juu ya sheria, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa zaidi kuliko la ufundi. Dukani alijaza fomu ya shirikisho namba 4473, akaonyesha kadi yake ya kijani na kitambulisho chenye anwani ya sasa, na muuzaji akapeleka taarifa zake kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI unaofanya kazi tangu Novemba 1998. Jibu lilikuja baada ya dakika chache. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya matembezi au ya masomo kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe na sababu inayotambuliwa na sheria kama vile leseni halali ya uwindaji. Fomu huuliza pia kama mnunuzi ndiye mmiliki halisi, na hapa baadhi yetu hujiponza kwa wema: kumnunulia shemeji ambaye yeye mwenyewe angekataliwa, au kununua kwa fedha za rafiki ili umkabidhi nyuma ya duka, ni kosa la jinai hata kama nia ilikuwa undugu. Kuituma bunduki au vipuri vyake Goma, Mombasa au Dar es Salaam ndani ya kontena la nguo bila leseni ya kusafirisha silaha ni kosa lingine.

Sheria ya mwaka 1934 inahusu urefu. Mtutu wa shotigani ya raia hautakiwi kupungua inchi 18, na bunduki nzima inchi 26, bila usajili maalumu. Baadhi ya idara zilitumia mitutu ya inchi 14, na mitutu hiyo huzunguka sokoni kama vipuri. Jirani yangu alikuwa ameuona mmoja kwenye maonyesho ya silaha, akaupenda kwa wepesi wake. Nilimshukuru Mungu kwamba mke wake alikuwa ameshika pochi siku hiyo.

Sasa tatizo lenyewe. Kati ya risasi 25 alizofyatua mara ya mwisho, maganda saba yaligoma: matatu yalikwama ndani ya chemba hadi akagonga kitako chini, jambo ambalo nilimsihi asilirudie, na manne yalitoka nusu na kubanwa na bolti. Kwa kuwa yote yalimjia kama ganda lisilotoka, yeye aliyahesabu kuwa ni ugonjwa mmoja na akautafutia dawa moja. Rafiki yake wa kazini alimwambia ni ndoano, duka likamwambia ni mtutu, na video alizotazama zikamwambia anunue bolti nzima. Nilichofanya mimi ni kumwomba aivue bunduki nguo zake zote mpya, kisha tuzirudishe moja baada ya nyingine.

Cha kwanza kuvuliwa kilikuwa kibebeo cha risasi sita kilichofungwa ubavuni. Kifaa hiki hakitobolei bunduki. Huondoa pini zinazoshikilia nyumba ya kifyatulio na kuweka mahali pake skrubu ndefu zinazopenya upande hadi upande. Mtu akizikaza kama anavyokaza nati za gurudumu, kuta za mwili wa bunduki hubanwa kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini fito mbili za chuma zinazosukuma bolti huanza kukwaruza. Nililegeza skrubu zile robo mzunguko kila moja, na pampu ikaanza kuteleza papo hapo. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kifaa kilichomgharimu dola 90 ndicho kilichokuwa kikiikaba bunduki koo, na dukani pampu ilikuwa nzima.

Hilo lilieleza mkwaruzo wa pampu, lakini halikueleza maganda yaliyong'ang'ania ndani ya chemba. Nilimulika tochi kwa nyuma ya mtutu baada ya kuuchomoa, nikaona madoa ya kahawia ya kutu nyepesi, ambayo si ajabu kwa bunduki iliyokaa msimu baada ya msimu ndani ya gari linalopashwa moto mchana na kuganda usiku. Kisha nikatazama risasi alizokuwa akitumia: zilikuwa za bei rahisi kabisa za boksi la mia, na kikombe cha mkia wake kilikuwa cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Sumaku ilikinasa. Chuma hicho hutanuka kwa moto wa baruti kama shaba, lakini hakirudi upesi kama shaba, na kikikutana na chemba yenye ukwaru hushika kama kupe. Tulifunga brashi ya chemba kwenye drili ya mwendo mdogo, tukaizungushia stili waya laini kabisa yenye mafuta, tukasugua chemba peke yake kwa muda mfupi hadi kidole cha kitambaa kikapita bila kukwaruzwa, kisha tukasafisha na kupaka mafuta. Ninasisitiza ile "peke yake", kwa kuwa mtu akiingiwa na raha ya drili anaweza kuharibu kwa dakika tano kitu ambacho polisi hawakukiharibu kwa miaka ishirini. Kama kutu ingekuwa imechimba vishimo, kazi hiyo ingekuwa ya fundi bunduki mwenye leseni.

Tulirudi kwenye kiwanja Jumamosi iliyofuata tukiwa na risasi 25 zenye mkia wa shaba. Hakuna ganda hata moja lililong'ang'ania ndani ya chemba. Hata hivyo maganda mawili yalitoka nusu, na yote mawili yalitokea alipopiga haraka. Mimi nilipopiga kumi za kwangu, hakuna lililokwama. Kwa hiyo sababu ya tatu haikuwa ndani ya bunduki hata kidogo, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kumweleza bila kumkosea heshima, kwa kuwa ni mtu mzima kuniliko na aliwahi kubeba bunduki nyumbani akilinda msitu.

Jirani yangu si mrefu. Kitako cha 870 kutoka kiwandani kina takriban inchi 14 kutoka kifyatulio hadi begani, na juu yake alikuwa ameongeza mto mnene wa mpira ili kupunguza teke, na juu ya mto kulikuwa na koti zito la Novemba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka karibu wote ili kuifikia pampu. Alipoivuta kwa haraka, haikufika mwisho wa safari yake. Ganda lilitoka kwenye chemba lakini halikufika kwenye kile kipande cha kulirusha, naye akaisukuma mbele juu yake. Ni kosa la kawaida sana la shotigani za pampu, na kitako kirefu hulizalisha hata kwa mtu hodari.

Tulibadilisha kitako kwa kile kifupi cha Hogue chenye inchi 12, ambacho alikipata kwa mtu kwa dola 50, na hapo mkunjo wa kiwiko ulirudi. Nilimwambia aivute pampu kama anayetaka kuivunja, na asiwe na huruma nayo, kwa kuwa 870 haijui kubembelezwa. Alifyatua risasi 50 bila kukwama hata moja, nyingi kati yake zikiwa zile zile rahisi za boksi la mia.

Vifaa vilivyobaki vilikuwa na hadithi fupi. Mkono wa pampu aliouagiza haukuingia kwa sababu alinunua bila kupima: 870 za zamani zina bomba refu la pampu, na mikono mingi ya kisasa hutaka fupi la inchi 6 na robo tatu. Aliurudisha, na ukawa ndio uamuzi wenye faida, maana ule wa polisi uliokuja na bunduki ulikuwa na tochi ya SureFire iliyojengewa ndani. Balbu yake ilikuwa ya zamani, ya njano na yenye kula betri, lakini nyumba yake ilikuwa nzima. Tulitafuta kichwa cha LED kinacholingana nayo, na leo anamwona koyoti, mnyama wa jamii ya bweha, kabla hajawaona mbuzi. Kwa mtu wa matumizi yake, tochi ndiyo nyongeza ya kwanza baada ya kitako, kwa sababu sheria na dhamiri zote zinadai ajue anachokipiga, na gizani mbwa wa jirani na koyoti wana macho yanayofanana.

Magazini yalikuwa na kirefusho cha kiwandani cha risasi mbili. Springi ilikuwa imechoka na kusinyaa, na kisukumio cha plastiki kilikuwa na ufa uliokuwa ukigusa kiungo cha mabomba. Springi mpya na kisukumio cha chuma cha rangi kali viligharimu chini ya dola 40. Hivi ningevibadilisha kwenye kila shotigani ya polisi bila kuuliza, kwa kuwa hakuna ajuaye ile ya zamani ilikaa imeshindiliwa kwa miaka mingapi. Kilengeo cha umeme alichokuwa amekifunga juu ya mwili wa bunduki tulikiondoa. Si kibaya, ila kilikaa juu sana kwa kitako kile, akawa anainua shavu hewani ili aone nukta, na teke likamkuta bila tegemeo. Shanga ya shaba ya kulengea iliyo ncha ya mtutu inamtosha kwa umbali wa zizi lake.

Umbali huo tuliupima pia. Wengi huamini kwamba shotigani hutawanya marisaa kama mwavuli na kwamba hakuna haja ya kulenga. Kwa kawaida mtawanyiko wa risasi za marisaa makubwa ni kama inchi moja kwa kila yadi, na kuna risasi kama zile za Federal zenye kikombe cha plastiki cha kubebea marisaa kiitwacho FlightControl zinazobana zaidi ya hapo. Tulitundika karatasi kubwa kwenye yadi 10, 15 na 25. Risasi yenye marisaa tisa ya milimita 8 na kitu ilitoa duara la kiganja kwenye yadi 10, na kwenye yadi 25 marisaa mawili ya risasi ya kawaida yalitoka nje ya sahani aliyoichora. Akaamua mwenyewe kwamba zaidi ya yadi 20 hatapiga, kwa sababu nyuma ya uzio wake kuna barabara.

Hesabu ilikwenda hivi. Bunduki dola 340, kitako 50, springi na kisukumio 38, kichwa cha tochi 110, mkanda wa begani 25. Kibebeo cha ubavuni alikibakiza, skrubu zikiwa zimekazwa kwa vidole na kuwekwa tone la gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, ingawa mimi ningekiuza. Kilengeo cha umeme na mto wa mpira aliviuza kwa hasara ya dola 120 hivi, na kabati la chuma lenye kufuli aliloongeza kwa ushauri wa mke wake liligharimu zaidi ya kila kitu isipokuwa bunduki. Watoto wao ni wanne.

Jina la idara lililokwaruzwa bado linasomeka ukiliinamisha kwenye mwanga. Nilimuuliza kama angependa kupaka bunduki rangi mpya, kwa kuwa kuna mafundi wanaofanya kazi hiyo kwa dola 150 hivi, naye akacheka. "Acha hivyo hivyo, kaka," alisema akiifuta mafuta. "Mbuzi hawasomi."